Maswali ya wavuvi: mkia wa manyoya unaojisokota

SWALI: Nafunga chambo cha manyoya ya kuku, mfano wa dagaa, cha kuvulia kolekole. Mkononi kinapendeza, lakini nikikirusha mara chache mkia unajizungusha kwenye ndoana, na kikivutwa kinazunguka kama pia. Nitumie manyoya gani? – Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu msomaji, hizo ni kasoro mbili.

Mkia unaojisokota kwa kawaida ni wa manyoya ya mgongoni, karibu na kiuno. Ni marefu, membamba na uti wake ni laini. Yanacheza vizuri majini, ila hayajizuii. Kwa ndoana namba 2/0 chukua ya shingoni, ya jogoo aliyekomaa. Ya pora ni mafupi na yakiloa yanalala. Mkia usizidi mara mbili na nusu ya urefu wa shina la ndoana. Ukitaka mrefu zaidi, wa sulisuli kwa mfano, hapo ya mgongoni ndiyo yenyewe, lakini yaongezee kinga tutakayoieleza.

Yatosha manyoya sita, matatu kila upande. Chambua vinyoya vyepesi vya chini hadi uti ubaki mtupu, kisha linganisha ncha, si mashina. Pande zilizobonyea zitazamane, upate umbo jembamba la samaki. Ukizigeuza nje mkia unapanuka na kupigapiga, jambo zuri kwa mvuto wa polepole tu. Finya uti kwa koleo uwe bapa, vinginevyo unabiringika chini ya uzi. Funga pale shina linapokaribia kupinda, tone moja la gundi, basi.

Kinga ni singa za mkia wa mbuzi. Fungia karibu na tundu la ndoana, fungu la unene wa njiti ya kiberiti kila upande, zifike nyuma kidogo ya pindo. Wengi hujaza singa kupita kiasi, chambo kikawa kinene na kugoma kuzama.

Kuzunguka kunatokana na unyoya uliopinda ubavuni au upande mmoja kuzidi mwingine. Kiloweshe, kivute ndani ya karai. Kikilala ubavu, fungua ufunge upya. Kubadili mshipi hakusaidii.

Rangi: tumbo jeupe, mgongo wa kijani au buluu. Mto Sabaki ukifurika na maji kuwa ya udongo, weka mgongo mweusi.

SWALI: Ya bata na ya ndege wa porini je? – Msomaji, Lamu

JIBU: Ya mabawa ni magumu mno, ya ndege yeyote. Ya mbavuni mwa bata yafaa kuwa mashavu, yaani manyoya mafupi ya ubavuni karibu na kichwa cha chambo, ila yaoshe kwanza kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kwa sababu yana mafuta yanayofukuza maji. Anika kivulini. Madoa ya kanga wa kufugwa yanapendeza pia. Ya porini yaache: ndege hao wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na banda la kuku lina kila unachohitaji.