Jibu: Kuonyesha bonde la wakulima lililogeuka la mizabibu

Ndugu, umeuliza ufanyeje ili maonyesho yako kuhusu bonde la wakulima lililotekwa na biashara ya mvinyo yasiishie kuwa picha za kupamba chupa.

Mimi ningeanza na vitu vilivyokosa kazi. Chukua Napa, bonde la mvinyo kule California, Marekani. Kabla mizabibu haijatawala, watu walilima sana plamu za kukausha na kokwa za jozi (walnut). Mwaka 1968 kaunti ikalitenga bonde kuwa hifadhi ya kilimo, nyumba zikazuiwa zisimeze mashamba. Ila miplamu yenyewe ikamezwa na mizabibu. Sasa fikiria ngazi ya kuchumia plamu imeegemezwa ukutani ghalani, vumbi tele. Zabibu haihitaji ngazi, mchumaji anainama tu. Itundike ngazi hiyo peke yake kwenye ukumbi, usiandike maelezo marefu.

Kuinama huko ndiko alikokuona mchoraji Van Gogh. "Shamba Jekundu la Mizabibu", picha aliyoichora Arles, Ufaransa, mwaka 1888, imejaa migongo iliyopinda chini ya jua la manjano. Glasi ya mvinyo hakuna. (Wanaoitumia kuuzia mvinyo sijui huwa wanaangalia nini.)

Nguzo na waya zinazoshikilia mizabibu pia usiviache. Piga picha kilima kilekile, mahali palepale, kila msimu. Mzabibu mchanga huchukua kama miaka 3 kuanza kuzaa vizuri, kwa hiyo usiwe na haraka, na mwulize mwenye shamba katika muda huo anakula nini.