Taa za lori la zamani: kabla ya kununua balbu angalia erthi kwanza

Wadogo zangu mnaoanza umeme wa magari, hasa nyie mliopo kwenye gereji za malori huku Buguruni na Tabata, leo naongelea taa kubwa tu maana ndo kazi watu wanaidharau halafu ndo inayokuja kukuaibisha mbele ya dereva.

Mwaka wangu wa kwanza ililetwa Fuso ya mchanga, taa ya kulia inawaka njano kama kibatari, na ukiiwasha tu, indiketa ya upande huohuo nayo inajiwasha kwa mbaali. Nikabadilisha balbu. Nikabadilisha rilei, ile swichi ndogo inayoamshwa na umeme. Nikamwambia mwenye gari swichi imekufa, akaenda kununua ya mtumba Gerezani, nikafunga, taa ileile. Siku mbili nimekaa na gari ya watu, kila asubuhi dereva anakuja "fundi vipi", namjibu bado nacheki wayaringi. Mzee aliyekuwa ananifundisha akaja na waya mrefu mkononi, ncha moja kaibana kwenye hasi ya betri, nyingine kagusisha kwenye waya wa erthi nyuma ya taa (ule unaofungwa kwenye bodi ili umeme urudi hasi ya betri), mwanga ukaja mweupe pee. Akaondoka bila kusema neno. Kumbe lile gari lilikuwa limetoka kupigwa rangi na waliolipiga walifunga bolti ya erthi juu ya puti na rangi, chuma hakigusani na chuma, sasa umeme ukishapita kwenye balbu unatafuta pa kurudia, unaingilia kwenye balbu ya indiketa, ndo maana na yenyewe ilikuwa inawaka. Dawa ilikuwa msasa na spana namba 10. Kwahiyo ukiona taa mbili zinaingiliana hivyo, acha balbu, fuata erthi.

Kingine kilichonichukua muda mrefu kuelewa ni kwamba multimita, ile mita ya kupimia volti, inaweza kukudanganya mchana kweupe. Unachomoa soketi ya balbu, unapima, unakuta volti 24 zote zipo, unarudisha balbu, haiwaki au inafifia, unaanza kuwaza majini. Mita yenyewe karibu haili umeme kabisa, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha 24, ila balbu ya wati 70 inataka ampia kama 3 hivi na ule uzi mmoja hauwezi kuzipitisha. Pima balbu ikiwa imechomekwa na taa imewashwa, ncha ya mita uiingizie kwa nyuma ya soketi. Kisha weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye pini ya laivu ya taa (inayoleta umeme wa chanya), namba utakayoona ndo volti zinazopotea njiani. Fanya hivyohivyo upande wa hasi. Ikivuka nusu volti mi naanza kufuatilia waya, na msidharau, volti zikipungua asilimia 10 tu mwanga unapungua karibu theluthi, dereva anayetoka Chalinze usiku anaijua hiyo tofauti kuliko wewe.

Halafu Toyota za zamani, na Wajapani wengine pia, zitakuchanganya. Huko swichi mara nyingi inakata upande wa hasi, laivu ipo kwenye balbu muda wote na fulu na dimu zinachaguliwa kwa kupelekwa erthi. Ukibana testa yako (ile taa ndogo ya kupimia) kwenye bodi ukaona inawaka kwenye pini usiyoitegemea usikimbilie kusema kuna shoti, kwanza jua gari inakatia wapi.

Balbu zikiungua kila wiki washa injini upime betri, lori la volti 24 (betri mbili za 12 zimefuatana) linatakiwa kusoma kwenye 27 hadi 28 na kidogo. Ukikuta 31 hapo regiuleta ya alteneta, inayozuia chaji isizidi, imeenda, msizisingizie balbu za Kichina. Na kioo cha balbu ya halojeni usikishike kwa mikono ya grisi bana, shika kwenye chuma chake.

Sisi Dar tuna chumvi pia. Magari yanayolala Kigamboni na Kunduchi konekta zake ukizifungua unakuta ile kutu ya kijani, na vijana wa kuosha wanapiga presha pampu humohumo. Waya ukishakuwa mweusi ndani usiusugue, kata urudi nyuma mpaka uikute shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita 20, unga hapo, funga vizuri.

Kuzungushia foili ya sigara kwenye fyuzi iliyokatika sitaki hata kusikia. Fyuzi ikikatika imekuambia kitu. Na dereva akitaka balbu za wati 100 mwambie swichi yake ya zamani haikuundwa kubeba huo mzigo, itaungua, labda mfunge rilei: pini namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda taa, 85 na 86 ndo za kuiamsha, na rilei iwe ya 24 kama gari ni ya 24.

Mwenye gari akilalamika mbona unamchaji na hujabadilisha kifaa chochote, mwite aangalie mita kabla hujaanza na umuite tena ukimaliza. Yule wa Fuso alilipa, ila ile swichi ya mtumba alinikata kwenye hela yangu.