Kabla ya kutaja bahari, lisome shairi kwa sauti

Juzi kijana wa kidato cha tatu ameniandikia: "Mwalimu, istilahi zote za ushairi nimezikariri, lakini nikipewa shairi ambalo hatukulisoma darasani, sielewi linasema nini." Mdogo wangu, hapo nami nilipita. Mwalimu aliyenifundisha ushairi alitupa majina matupu ya aina za mashairi: tathlitha, tarbia, takhmisa, ukara, ukaraguni. Siku nilipomuuliza mshairi analalamika kuhusu nini hasa, alinijibu kwamba hilo halitahiniwi, na darasa zima likaangua kicheko. Mpaka leo linaniuma. Ushairi nikaja kujifunza mwenyewe, usiku, kwa kusoma kwa sauti hadi wenzangu wa bweni wakanichoka. Leo mashairi yangu yanasomwa redioni, na vijana ninaowafundisha jioni hawaliogopi swali la ushairi. Nalisema hili kwa fahari kwa sababu nimelitolea jasho.

Chukua ubeti huu niliowatungia wao:

Mvua inamwagika, nami nipo safarini,
Miguu imeshachoka, na kijiji sikioni,
Kila njia nikishika, yanirejesha mwituni,
Mwenyeji hajaamka, mgeni yu mlangoni.

Usianze kwa kuuliza ni bahari gani, yaani ni aina gani ya shairi. Usome kwa sauti, polepole, ukigonga meza kwa kila silabi. M-vu-a-i-na-mwa-gi-ka: nane. "M" ya "mvua" imebeba mzani wake, yaani silabi yake, peke yake, lakini "mwa" ni mzani mmoja. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanahesabu herufi kwa macho badala ya kusikiliza. Kipande cha kwanza, yaani ukwapi, kina mizani 8. Cha pili, utao, nacho kina 8. Mshororo mzima, yaani mstari, ni 16. Kina, yaani silabi inayofanana mwishoni mwa vipande, cha kati ni -ka, cha mwisho ni -ni. Mishororo ni minne, basi hiyo ni tarbia. Umeona? Jina limekuja lenyewe, mwishoni.

Sasa angalia mshairi alivyobanwa. "Yuko mlangoni" ingezidisha mzani, ndiyo maana ikawa "yu mlangoni". "Inanirejesha" nayo ingezidi, ikawa "yanirejesha". Na "kila njia nikishika" ni "nikishika kila njia" iliyopinduliwa ili -ka ikae mahali pake; huko ndiko kuboronga sarufi. Lakini usiishie kuandika "ametumia uhuru wa mshairi" ukaweka kalamu chini. Jiulize upinduzi huo umeleta nini. Hapa umeitanguliza njia, na msafiri anabaki akiikimbilia kwa nyuma. Mtahini anayejua kazi yake analitafuta jibu la namna hiyo.

Kisha rudi kwenye mshororo wa mwisho. Ukirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo, na mara nyingi hapo ndipo mshairi alipouweka moyo wake. Mwenyeji ni nani? Anaweza kuwa ndugu mwenye uwezo, anaweza kuwa kiongozi. Hajaamka, au hataki kuamka? Beti zinazofuata ndizo zitakazokujibu, kwa hiyo zisome zote kabla hujaandika neno. Zisome tena. Vijana wa siku hizi hawana subira. Wanataka muhtasari wa shairi kabla ya shairi lenyewe, na shairi halifunguki kwa mtu wa namna hiyo.

Usibabaike ukikutana na shairi lisilo na vina wala urari wa mizani. Mshairi Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na miaka ishirini baadaye mshairi mwingine, Kezilahabi, akatoa diwani, yaani kitabu, ya mashairi huru ya namna hiyo. Mabishano kati ya watetezi wa vina na wa mashairi huru yalikuwa makali. Mimi napenda vina, sifichi, lakini shairi huru nalo lina mapigo yake: tazama mstari unakatwa wapi, na neno lipi linarudiwarudiwa.

Wewe uliyeniandikia, anza na utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Vipande vyake ni vifupi, mizani 8 kila kimoja. Katika kila ubeti, vitatu vya kwanza vinashirikiana kina, na cha nne kinabeba kina kinachoendelea hadi mwisho wa utenzi. Ni mama mgonjwa anayemuusia binti yake. Lahaja yake ni ya kaskazini, kwa hiyo weka kamusi karibu. Soma beti kumi kwa sauti, kisha uniandikie unamsikiaje huyo mama.