Mkuu, usilibandike hilo bango Ijumaa

Simama hapo hapo. Umeuliza gharama za kuomba hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) pale BRELA, wakala wa usajili wa serikali, kama unahitaji wakili, na kama ARIPO, shirika la hataza la kanda ya Afrika, ni bora kuliko PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, halafu mwishoni ukagusia tu kwamba Ijumaa unabandika bango la kipimo chako cha malaria kwenye kongamano pale Mlimani City. Hilo la mwisho ndilo litakalokuzika.

Mimi nilikuwa na kipimo cha TB cha LAMP, njia ya kunakili DNA ya vijidudu kwa joto moja tu. Nyuzi 65, saa moja, bila mashine ya PCR, ile inayonakili DNA kwa kupandisha na kushusha joto. Siku umeme ulipokatika tulizitia tyubu kwenye chupa ya chai na majibu yakatoka. Sampuli yenye vijidudu inageuka kutoka zambarau kuwa bluu ya anga, unaiona kwa macho yako. Nikatengeneza bango, na kona ya chini kulia, kwa maandishi madogo kabisa, nikaweka praima zote sita, vile vipande vifupi vya DNA vinavyomtambua kijidudu, herufi kwa herufi.

Nilimuuliza bosi wangu: hii haitaharibu hataza? Akanijibu, "Bango tu hilo, si makala. Kila mtu anafanya hivyo." Kila mtu nani? Mtu hajawahi kuandika ombi la hataza hata moja, anakukatia hukumu kama jaji! Nikiikumbuka ile sauti damu inachemka mpaka leo.

Waandaaji wakayaweka mabango yote mtandaoni. Miezi 14 baadaye nikapeleka ombi. Mkaguzi wa hataza akajibu, na karatasi ya kwanza aliyoambatisha ni bango langu, jina langu juu. Ulaya ukishatangaza mwenyewe, upya, yaani sharti kwamba uvumbuzi uwe haujatangazwa popote, umekufa siku ile ile. Marekani wanakuvumilia mwaka mmoja. Nilikuwa nimepitisha miezi miwili. Kazi ya miaka minne ikaishia hapo.

Cetus, kampuni aliyoifanyia kazi Kary Mullis alipovumbua PCR, walipeleka ombi Machi 1985. Makala ya kwanza ikatoka Desemba. Mwaka 1991 Hoffmann-La Roche wakazinunua hataza hizo kwa dola milioni 300. Angalia tarehe zinavyofuatana.

Ombi kwanza, mdomo baadaye. Kesha leo uandike maelezo kamili: praima, joto, muda, kila kitu. Yafikishe BRELA kabla ya Ijumaa upate tarehe ya ombi. Kuanzia hapo una miezi 12 ya kufikiria kuomba nchi nyingine bila kuipoteza tarehe hiyo. Usipowahi, liondoe bango.

Na faili umeshawatumia waandaaji? Wapigie sasa hivi, kabla hawajalipandisha, kisha rudi hapa utuambie wamesemaje.