Nani anapanga bei ya dagaa? Majibu kwa wanafunzi wa kanda ya ziwa

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanafunzi wa darasa la saba hadi kidato cha pili, Mwanza mjini na visiwani. Nimeyafupisha. Aliyeandika "fafanua maana ya uchumi, alama kumi" nimemruka. Hiyo ni kazi yake ya nyumbani, aifanye mwenyewe.

Shikamoo Mwalimu. Mama hununua dagaa Mwaloni Kirumba. Kuna siku bei inapanda sana, halafu inashuka yenyewe. Nani anaipanga? (Darasa la saba, Kirumba)

Marahaba. Hakuna mtu mmoja anayeipanga, ila mwezi wa angani una mkono wake. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa hufuata mwanga, wanajikusanya chini ya taa, wavu unapandishwa. Sasa mbalamwezi ikikolea ziwa zima linang'aa na taa haiwavuti tena. Mitumbwi mingi inabaki ufukweni, wavuvi wanashona nyavu na kulala usiku kama sisi wengine mpaka giza lirudi.

Mzigo unaofika Mwaloni unapungua, lakini wanaoutaka hawajapungua: mama yako yupo, wafanyabiashara wanaopeleka Kongo na Burundi wapo, watengenezaji wa chakula cha kuku nao wapo. Wanagombea magunia machache, na anayekubali kuongeza pesa ndiye anayeondoka nalo. Bei ikipanda vya kutosha, wengine wanajitoa. Mama ananunua sado moja badala ya mbili, au siku hiyo mnakula maharage. Hapo bei inaacha kupanda. Giza likirudi mzigo unajaa, na sasa muuzaji ndiye anayebembeleza, maana dagaa wakipata unyevu ni hasara yake. Kitabu chako kinaita haya ugavi na mahitaji.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Dagaa mkavu anakaa, kwa hiyo mwenye ghala hununua wakati wa giza wakiwa rahisi, akasubiri mbalamwezi. Mtaani anaitwa mlanguzi. Mimi namtetea kidogo: asingeweka mzigo, siku za mbalamwezi dagaa wangeadimika zaidi na mama angelipa zaidi. Ubaya unaanza pale wenye maghala wanapokuwa wachache wakakubaliana bei pembeni. Hilo ni kosa kisheria, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo.

Siku nyingine ukienda sokoni na mama, mwangalie mikono. Anachota dagaa kiganjani, anapuliza, anatafuna mmoja. Mchanga ukilia kwenye meno, anaanza kukata bei. Dagaa walioanikwa chini kwenye mchanga na waliokaushwa juu ya kichanja hawalingani bei, mwezi uwepo usiwepo.

Sangara ni wa ziwa letu. Kwa nini minofu inakwenda Ulaya, sisi tunauziwa mapanki, yaani mifupa inayobaki kiwandani? (Kidato cha pili, Ilemela)

Kwa sababu mvuvi humuuzia anayelipa zaidi, na ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo. Kiwanda cha minofu kinalipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mlaji wa Ulaya anashindania samaki yuleyule na baba yako ingawa hawajawahi kuonana. Ushahidi tuliupata mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba baadhi walivuliwa kwa sumu. Viwanda vikapunguza kununua, bei ya sangara mialoni ikaporomoka. Ziwa lilikuwa lilelile. Aliyeondoka ni mnunuzi.

Bondo nalo lichunguze. Ni kile kibofu cha hewa tumboni mwa sangara, kitu ambacho zamani wengi walikitupa. Wachina wanakitaka sana, na leo kilo ya mabondo makavu inaishinda kwa mbali kilo ya minofu. Samaki hakubadilika hata kidogo.

Kama hali hii ni ya haki, hilo ni swali jingine. Fedha hizo za kigeni ndizo zinazonunua petroli na dawa kutoka nje, na viwanda vimeajiri watu. Ni kweli pia kwamba mtoto anayekaa jirani na kiwanda anakula mifupa. Hesabu za uchumi zitakueleza kwa nini bei iko ilivyo, basi. Iweje, hayo ni mabishano ya wananchi wote na wewe umo.

Kwa nini serikali isichapishe pesa nyingi ikatugawia? (Darasa la saba, Igoma)

Kwa sababu noti hailiwi. Kila mtu akiamka na pesa mara mbili huku sokoni mchele ni uleule, bei zitazifuata pesa. Zimbabwe walifika mwaka 2009 kutoa noti ya dola trilioni 100, na mwenye nayo hakuwa tajiri.

Mama anauza maandazi. Kila jioni anasema faida hamna, lakini mkobani naona pesa. Nani mkweli? (Kidato cha kwanza, Buhongwa)

Mama. Unachokiona ni mauzo. Tuseme amepika maandazi 100, kila moja shilingi 200. Zimeingia 20,000. Unga, sukari, mafuta na mkaa vimekula 14,000, zimebaki 6,000. Wengi huishia hapo wakaita faida.

Lakini mama ameamka saa kumi alfajiri. Kama saa zilezile angeweza kufua nguo za watu akalipwa 5,000, basi maandazi yamemzidishia 1,000 tu juu ya kile alichokiacha. Kile ulichokiacha ili upate hiki ndicho gharama ya fursa, na hakiandikwi kwenye risiti yoyote. Na wewe unayeshika beseni Jumamosi bila kulipwa, usijiite wa bure. Kuna masomo au mpira uliouacha.

Muda ni gharama hata kwa wenye magari. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, mwenye lori la mizigo la kutoka Sengerema alilipa nauli ya kivuko, na juu yake akapoteza saa za foleni. Saa hizo zilikuwa ndani ya bei uliyolipa sokoni, ila hukuziona.

Bodaboda anapandisha nauli mvua ikinyesha. Si wizi? (Darasa la saba, Nyamanoro)

Si wizi mradi mkubaliane kabla hujapanda. Madereva wengi wamejikinga vibandani na abiria wameongezeka. Akibadilisha nauli mkishafika, hapo mlalamikie.

Babu anasema ziwa ni la Mungu, kila mtu avue atakavyo. Kwa nini wanachoma makokoro? (Kidato cha kwanza, Ukerewe)

Kokoro ni wavu unaoburuta kila kitu hadi ufukweni, wakubwa na vifaranga. Sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50, lakini mfikirie mvuvi mwenyewe. Akimrudisha mdogo majini, kesho mwenzake atamvua. Akimchukua, pesa ni zake peke yake, na hasara wanagawana wote. Kila mmoja akipiga hesabu hiyo, samaki wanakwisha bila mtu mbaya kuhusika.

Ukerewe pekee haiwezi kumaliza tatizo hili, maana ziwa ni la nchi tatu. Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1994, makao yake yako Jinja. Msalimie babu, umwambie kokoro la jirani linavua leo sangara ambao yeye angewavua mwakani.