Khanga za kampeni na bei ya korosho

SWALI: Ndugu Mhariri, kila unapokaribia uchaguzi, magari yenye vipaza sauti huingia kijijini kwetu wilayani Newala yakiwa yamebeba khanga na pakiti za chumvi. Mgombea hutuita "mama zangu", hucheza nasi ngoma, kisha hatumwoni miaka mitano. Sisi huku tumeshauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, bakuli kwa bakuli, kwa kuwa sare za watoto hazisubiri mnada. Je, tukipokea khanga tunakosea? Na tufanyeje ili watusikilize badala ya kutuhutubia?

Mama wa Newala

JIBU: Mama, shikamoo. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi iliongezewa vifungu vilivyouhesabu ukarimu wa kimila kuwa si rushwa, na neno takrima likafika vijijini mapema kuliko maji ya bomba. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilifungua mlango wa rushwa na kumwacha nyuma mgombea asiye na fedha. Kwa hiyo khanga inayotolewa ili upige kura fulani ni rushwa, na sheria humgusa mpokeaji pia, ingawa mimi binafsi lawama kubwa naiweka kwa aliyekuja nayo akijua njaa ya msimu.

Lakini kilichowaumiza wakulima wa Kusini hakikuamuliwa jukwaani. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria, na asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje, iliyokuwa ikirudi kuliendeleza zao lenyewe, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, licha ya baadhi ya wabunge wa mikoa yenu kupinga waziwazi. Oktoba mwaka huohuo wakulima waligomea bei za mnadani, na Novemba Rais John Magufuli akaagiza korosho zinunuliwe na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilishangiliwa, malipo wengi waliyasubiri kwa miezi, na walioshukiwa kuwa wa kangomba wakahojiwa mashamba yao yako wapi.

Basi mgombea akija, msimwulize kama anawapenda. Mwulizeni atapiga kura gani ushuru huo utakapojadiliwa, na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, itafika kabla mikorosho haijatoa maua au baada yake. Mbunge wa jimbo huingia pia katika baraza la madiwani, na halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Ana wajibu wa kueleza ni kiasi gani kimeirudia barabara yenu. Akishachaguliwa, mwalikeni pamoja na diwani kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, na mtendaji aandike ahadi katika muhtasari, kwa tarehe na jina, ili mkutano unaofuata uanze kwa kuusoma.