Kuratibu hafla za kuchangisha si kupanga sherehe tu
Umeuliza kama mratibu wa hafla za kuchangisha pesa kwenye shirika la afya kazi yake ni kupanga sherehe tu. Hapana ndugu, siku yenyewe ni kipande kidogo, kazi iko miezi kadhaa nyuma, unapigia simu wadhamini, unafuatilia vibali na bima, unatafuta watu wa kujitolea na wengine wanaingia mitini dakika za mwisho, huku jicho lako liko kwenye bajeti maana ukikusanya nyingi ukatumia nyingi mgonjwa hajapata kitu. Kama ni mbio za saratani ya matiti ujue Oktoba ndio mwezi wa kuhamasisha watu kuhusu ugonjwa huo na kila shirika lina tukio lake, kwa hiyo wewe wawahi wadhamini mapema sana.

Halafu kuna kitu hakiandikwagi kwenye tangazo la kazi. Uko mezani unagawa namba za wakimbiaji, anakuja mama kavaa fulana yenye picha ya binti yake aliyefariki, anakushika mkono hauachii. Mwachie mwenzako foleni, msikilize huyo mama. Na kesho yake mpigie simu umshukuru, usimtumie ile meseji ya wote.